Msomaji Aliyeruka Matusi

Saa tatu asubuhi. Dada Msomaji, kama majirani wanavyomwita, anafungua dirisha, anasafisha koo na kuanza kusoma kwa sauti. Mbele yake Profesa, mzee asiyeona, ameinamisha kichwa na kusikiliza.

Kazi yake ndiyo hiyo: kuwa macho ya msomi anayemchunguza Yesu kwa jicho la historia, pamoja na wapinzani wake wa kale. Mshahara wake unalipa kodi ya nyumba anayoishi na mama yake, mwanakwaya tangu usichana.

"Wiki ya kwanza niliruka," anasema, akificha kicheko kwa kiganja. "Mpinzani mmoja alimwita Yesu mchawi, akamtukana na mama yake. Mimi, mtoto wa kwaya, niyatamke hayo kwa kinywa changu? Thubutu! Nikapita kimyakimya."

Hakufika mbali. Profesa alimsimamisha: "Binti yangu, huyu Mkristo aliyeandika kitabu hiki anajibu tuhuma ambazo sijazisikia. Umezipeleka wapi?"

Akajua kazi imeota mbawa. Kumbe mzee aliagiza chai, akamweleza kwamba kitabu cha yule mpinzani kilipotea zamani. Maneno yake yamebaki kwa sababu Mkristo aliyemjibu aliyanukuu kwanza, tusi kwa tusi.

"Akaniambia, 'Yeye alimpenda Yesu, na hakuruka. Wewe unaogopa nini?' Nililia, jamani. Mpaka leo namshukuru. Mwingine angenifukuza siku ileile."

Kivumbi kilimngoja nyumbani. Mama alipopata habari, alimtaka achague: kazi hiyo au radhi zake. "Chakula cha matusi hakipiti kooni mwangu," alisema, na kweli sahani yake ikarudi jikoni kama ilivyopakuliwa.

Binti hakubishana; mama ni mama. Aliazima kitabu kile cha Mkristo kwa Profesa, na Jumamosi iliyopita akamsomea mama yake. Kwa kuchelea, alisoma majibu ya Mkristo peke yake.

Mama aliweka chini nguo aliyokuwa akishona. "Mbona huyu anajibu peke yake kama chizi? Huyo mwenzake kasema nini?"

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema Dada Msomaji. "Nikamwambia, mama, na wewe umenikamata!"

Jumamosi hii wataanza upya, ukurasa wa kwanza. Akimaliza kitabu hicho na radhi zikiwa mkononi, anatamani kuwasomea na wengine wasioona.

Mama amekubali, kwa sharti moja alilolitoa huku akisogeza sahani yake iongezwe.

"Soma yote, mwanangu. Usiniruke."