Binti Yangu Alipimwa Mara Mbili

Mwalimu wa darasa la nne alikuja mwenyewe kuniita, hakumtuma mtoto. Tukaenda kukaa kwenye ukingo wa baraza la shule, akanifungulia daftari la binti yangu. Mimi nimeishia la saba, na hata haya ninayoandika sasa nafuta zaidi ya ninayoyaacha. Lakini hata mimi niliona kwamba yale hayakuwa maneno. Herufi nyingine zilikuwa zimegeuziana migongo, nyingine zimerukwa, na mstari mmoja umepanda juu ya mwenzake.

"Mama, mtoto huyu ukimuuliza kwa mdomo anajibu kuliko wote," mwalimu alisema. "Ukimpa chaki anasimama pale kama gogo. Nimemchapa. Nimemwacha. Nimemchapa tena. Sasa sijui."

Sikumchukia kwa ile fimbo. Darasa lake lilijaa mpaka wengine wakikaa sakafuni, na alikuwa mwalimu wa kwanza kuniambia hajui. Waliomtangulia wote walijua: mvivu, mtundu, mzito. Akanieleza kuwa mwisho wa mwaka kuna mtihani wa darasa la nne, na binti yangu alikuwa ameshakariri darasa la pili. Halafu akasema amesikia habari za mama mmoja kule Mwanza, mwalimu mstaafu aliyesomea ng'ambo mambo ya watoto wanaoshindwa kusoma. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye ujuzi wake anafungua mlango wake. Yule mama alikuwa amepanga chumba nyuma ya zahanati ya mtu binafsi, anapima watoto kwa malipo.

"Anawapima nini?" nikauliza.

"Anapima kwa nini hawasomi."

Tulikuwa tunakaa Busisi, karibu na pantoni inapotia nanga. Mimi nilikaanga samaki na kuwauzia abiria, mume wangu alitengeneza baiskeli hatua chache kutoka jikoni kwangu. Nilipomweleza, hakugomba. Yeye si mtu wa kugomba. Alikuwa na dada yake Sengerema mwenye mgahawa, aliyekuwa akimwomba binti wa kumsaidia.

"Mpeleke akapimwe," alisema. "Wakisema anaweza, abaki shule. Wakisema hawezi, aende kwa shangazi yake. Atakula, atavaa, atajua kazi. Si adhabu."

Nikakubali, maana kwa upande wake kweli haikuwa adhabu. Yeye mwenyewe aliacha shule mapema na hakuna baiskeli iliyomshinda. Ila mimi nilimfahamu mtoto. Abiria kumi wakiagiza kwa mpigo, huyu wa mkia, huyu asiyetaka pilipili, huyu wa kufungiwa, alikuwa anawahudumia wote bila kumkosea mmoja. Nilikuwa nikimtazama na kujiambia, kichwa kama hiki kikaoshe sahani za watu maisha yake yote kwa sababu ya herufi? Nikaapa moyoni haendi.

Sasa, neno kupimwa. Labda mtu wa mjini angelielewa vingine. Sisi tulilielewa kama mtihani, na mtihani mtu hauendei mikono mitupu. Jirani yangu muuza chapati alinisuta kabisa: "Wewe unamtoa mtoto hapa mpaka Mwanza akaaibike? Mfundishe kwanza!" Hata mume wangu aliona hivyo, akaenda kununua kitabu cha kusoma cha darasa la tatu, kipya, kinanukia gundi.

Kila jioni nikikaanga, binti anakaa kwenye kigoda na kitabu, mimi namsomea mstari, yeye anarudia. Kulikuwa na hadithi ya mbuzi aliyekula kofia ya mgeni siku ya harusi. Mwanzoni alikwama. Baadaye akaanza kunitangulia. Halafu jioni moja akaisoma yote peke yake, na sauti akaiweka, mgeni anavyolalamika, mwenye mbuzi anavyoomba radhi. Kule nje nikasikia pampu ya baiskeli imenyamaza. Mume wangu alikuwa anasikiliza. Nilipogeuza samaki walikuwa wameungua upande mmoja, wala sikujali.

Basi tukaenda. Yule mama wa Mwanza alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, sauti yake ya chini. Kwenye benchi nje kulikuwa na wazazi wengine wanangoja, na yeye yuko peke yake. Alimnong'oneza binti kwa nyuma kuona kama anasikia. Akampima macho. Akamchoresha mtu na nyumba. Kisha akatoa kitabu, na kilikuwa kilekile.

"Sina vya kupimia vya Kiswahili," alisema. "Natumia hivi vya shule."

Binti akasoma mbuzi na kofia kama maji yanavyoshuka mtaroni. Yule mama akamfungulia hadithi nyingine, ambayo nayo tulikuwa tumeirudia jikoni, naye akaisoma. Mimi nilijikaza nisitabasamu. Hakuniuliza kama tulikuwa nacho nyumbani, na mimi sikuona kama ni jambo la kusema. Mtu akifaulu mtihani hamwendei msimamizi kumwambia kwamba alisoma.

"Anasoma vizuri," aliniambia. "Nadhani ni woga wa darasani. Atazoea."

Nilitoka pale nimeshika mkono wa mwanangu, natembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Tulipofika Kigongo pantoni ilikuwa bado ng'ambo. Malori ya pamba yamepanga foleni, na ziwa limechafuka kidogo kwa upepo. Tukakaa juu ya gogo pamoja na bibi mmoja aliyebeba kuku kwenye tenga. Furaha ilinizidi, nikamwambia bibi kwamba binti yangu anajua kusoma, tumetoka kumpima. Bibi akasema, "Hebu tusikie, mjukuu wangu."

Binti alinitazama kwanza. Kisha akafungua kitabu magotini, akaanza. Watu wa karibu wakageuka. Alipofika pale mgeni anatafuta kofia, upepo ukazifunua kurasa, ukazipeleka mpaka katikati ya kitabu. Yeye akaendelea. Mbuzi akatafuna, mgeni akapiga kelele, bwana harusi akavua kofia yake mwenyewe akampa, na macho ya mtoto yakiwa juu ya picha ya watu wanaopanda miti.

"Mayu!" bibi aliniita kwa Kisukuma, anacheka mpaka kuku anatikisika. "Wako huyu kiboko, anasoma hata ukurasa usiokuwepo!"

Wote wakacheka. Mimi nilicheka pia, kwa mdomo. Binti hakucheka. Alifunga kitabu akakikalia.

Nikamvuta pembeni, nyuma ya lori.

"Ulikuwa unasoma?"

Akatikisa kichwa.

"Na kule kwa mwalimu wa Mwanza?"

"Nilikuwa nasema."

"Na nyumbani?"

"Nasema tu, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alichora chini kwa kidole cha mguu. "Ulikuwa unafurahi."

Nimejaribu mara nyingi kuandika nilivyojisikia, na kila mara naona naongeza chumvi. Kwa hiyo naandika nilichofikiri. Nilifikiri: nikinyamaza, tutavuka, nitamwambia baba yake wamesema anaweza, na atabaki shule. Hicho ndicho nilichokitaka. Tena nikafikiri: nikirudi, yule mama atampima kweli, na huenda aseme hawezi. Hapo ahadi ni ahadi, mtoto anakwenda Sengerema, na aliyempeleka ni mimi. Lakini atabaki shule kufanya nini? Mwalimu akiambiwa anasoma, kumbe hasomi, atakuwa mvivu kwa ushahidi. Fimbo zitakuwa na haki. Na mtihani wa mwisho wa mwaka hauna hadithi ya mbuzi.

Pantoni ikafika, ikashusha mlango wake chini kwa kishindo, watu wakaanza kusukumana. Nikamkimbilia bibi wa kuku.

"Shikamoo tena, bibi. Ukishuka Busisi kuna fundi baiskeli palepale juu. Ni baba yake huyu. Mwambie tumerudi Mwanza, tutakuja kesho."

"Nimwambie kuna nini?"

"Mwambie hatujamaliza."

Tulilala Kiseke, hukohuko Mwanza, kwa mdogo wangu, ambaye alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Dada, wewe ukipewa zawadi unairudisha dukani." Asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye lile benchi.

Yule mama alipotuona alidhani tumesahau kitu. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu. Jana hukumpima mtoto. Ulipima nilichomkaririsha." Nikamweleza yote, jiko, kigoda, upepo. Nilitegemea anifokee kwa kumpotezea muda. Akavua miwani akaifuta, akaifuta tena.

"Na mimi nilipaswa kuuliza," alisema. "Watu walikuwa wengi nikaharakisha. Karibuni ndani."

Safari hii kitabu hakikutoka. Alikuwa na vipande vya karatasi ngumu vyenye silabi na maneno, anavichanganya kama karata. Mengine hayakuwa maneno ya mahali popote. Nakumbuka moja, lisugo. Binti akauliza, "Hiyo ni nini?" Akajibiwa, "Si kitu. Wewe nisomee tu." Na hapo mwanangu, ambaye jana alitiririka, alikaa na kile kipande mbele yake, jasho linamtoka puani. Nikasikia, "Mama, hebu hamia nyuma ya mtoto." Kumbe midomo yangu ilikuwa inacheza, namsaidia bila kujua. Nikahamia nyuma. Kutoka pale niliona kisogo chake tu, kinainama na kuinuka, na ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kukaa kwenye kiti.

Alipomaliza alimpa binti kalamu za rangi akachore barazani. Kisha akaniambia jina la tatizo. Lilikuwa la Kizungu na sikulishika siku ile, nimekuja kulisikia tena miaka mingi baadaye likitamkwa redioni, disleksia, nikasimama katikati ya chumba na ufagio mkononi. Siku ile nilishika maelezo tu. Kwamba si uvivu. Si uzito wa akili, wala hajarogwa. Macho yanaona sawasawa, masikio yanasikia, lakini sauti na herufi zake hazishikani upesi kichwani mwake kama kwa wengine. Na kwamba kumbukumbu yake nzuri ndiyo iliyokuwa inamficha, na hata yeye ilimfichia tatizo lake.

Nikauliza swali nililotumwa. "Anaweza au hawezi?"

"Anaweza," alisema. "Lakini polepole, silabi kwa silabi, na kwa kugusa. Aandike kwa kidole kwenye mchanga, kwenye unga, popote, huku anatamka. Kila siku. Mtachoka nyinyi kabla yake."

Nikamwambia sitachoka. Hilo halikuwa kweli. Nilichoka mara nyingi, na siku nyingine nilimfokea mpaka majirani wakaja. Ila sikuacha.

Mume wangu alikuwa anatungoja pale pantoni inaposhusha watu, mikono ina grisi. Bibi wa kuku alikuwa amemfikishia ujumbe, na nadhani aliongezea na ya kwake.

"Wamesemaje?"

"Anaweza."

"Jana walisemaje?"

"Anaweza."

Akanitazama, akamtazama mtoto. "Sasa mlirudi kufanya nini?"

"Ya jana haikuwa kweli," nikasema. "Hii ni kweli. Ila itachukua muda, na mtihani wa mwaka huu atafeli. Nakuambia leo ili usije ukaniuliza siku hiyo."

Alisimama pale mpaka malori yote yakashuka. Kisha akachukua kikapu changu akatangulia. Habari za Sengerema hakuzitaja siku ile wala siku za mbele, na mimi sikumuuliza, nisije nikamkumbusha.

Mwalimu alipokea barua ya yule mama, akaisoma mara mbili palepale barazani. Alimhamishia binti dawati la mbele na kuanza kumuuliza kwa mdomo, na fimbo ya herufi ikaisha, ingawa za utundu alizipata kama wenzake, na nyingine alizistahili. Mtihani alifeli kama nilivyosema. Akakariri la nne. Mwalimu alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kumwombea asiondolewe, na hilo sitalisahau.

Nyumbani tulitumia sinia langu la unga. Kabla sijakanda, yeye anaandika ndani yake kwa kidole, ba, be, bi, mimi natikisa sinia, anaanza upya. Kile kitabu cha mbuzi nilimpa jirani wa chapati.

Ilikuwa mwaka ule wa kukariri, mchana wa jua kali, pantoni imeshapiga honi ya kwanza. Dereva wa lori alikuwa ameagiza samaki wa kufungiwa. Binti akachukua kipande cha gazeti kuukuu la kufungia, akamweka samaki juu yake, halafu mikono ikasimama. Kidole chake kikashuka pembeni ya samaki, juu ya tangazo, katika herufi kubwa nyeusi.

"Ma," alisema. Kidole kikasogea. "Go."

"Mama, pantoni inaniacha!" dereva akapiga kelele. "Huyu binti ana nini leo?"

Pampu ya baiskeli nyuma yangu ilikuwa imenyamaza tena. Hakuna aliyewahi kumsomea gazeti lile. Hata mimi sikuwa nimelitazama.

"Subiri, kaka," nikamwambia. "Anamalizia."

"Do," alisema binti yangu. Mafuta ya samaki yalikuwa yanaifikia ile herufi ya mwisho, naye akamsukuma samaki pembeni kwa kiganja ili aione vizuri. "Ro. Magodoro." Kisha kidole kikashuka mstari wa chini, akaanza neno jingine, na honi ya pili ikalia, na mimi nikaweka mkono juu ya samaki wa dereva ili asimchukue.