Mguu wa Poda, Mguu wa Mlima Wote

Bundi alikuwa mchumaji hodari wa miraa pale Kangeta, na mchumba dhaifu kuliko wote waliowahi kuteremka kilima cha Ruiri. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja na meno yote. Mke ndiye hakuwa naye. Kufikia kiangazi cha mwaka 2009 alikuwa amekataliwa mara mbili na mtu yule yule: Mzee Muthamia, baba yake Karambu, msichana ambaye Bundi alimtaka.

Si kwamba mzee alimchukia. Alichukia miraa iliyonyauka. Huendi kuomba msichana kwa Wameru bila ncoolo, lile fungu la miraa la heshima lililofungwa kwa majani ya mgomba. Na Muthamia, mzee wa kanisa ambaye hajauona mstari wa Biblia unaokataza majani, alikuwa na kipimo chake: anachomoa kijiti kimoja, anakileta sikioni, anakivunja. Kikilia ta! ni kibichi. Kisipolia, rudi kwenu. Vya Bundi havikulia.

"Mara ya tatu ndiyo ya mwisho," mzee alimwambia. "Kuna mwalimu wa Embu, Ndambiri, anaulizia njia ya kuja hapa. Huyo ataleta asali. Asali hainyauki."

Kosa lilikuwa la mteremko. Boma la Muthamia liko chini ya kilima, na jua likikaza, njia ya kilima hicho hugeuka vumbi jekundu, laini, la kufika magotini. Watu wa Ruiri huliita poda. Gari linazama, pikipiki inazama, na anayetembea anafika saa moja na nusu baadaye akiwa na rangi ya tofali na fungu lililopikika.

Basi wiki moja kabla ya hiyo mara ya tatu, Ntinyari, muuza viatu vya mitumba pale Kangeta, alifungua bunda akitarajia raba, akakuta mbao nne ndefu zilizopinda pua, jozi mbili, na kijitabu.

"Ni skii," alimsomea Bundi. "Wazungu huvaa wakiteremka mlima wa theluji."

"Theluji nitaitoa wapi?"

"Ngoja basi, wee! Hizi pana zimeandikwa ni za poda."

Bundi akasimama wima. "Umesema za nini?"

"Poda."

"Hao Wazungu walifika Ruiri lini?"

Ntinyari akacheka hadi akashika meza. Jozi ya pili ilikuwa nyembamba kidogo. "Hizi ni za mlima wote," akasoma.

"Wote wote?"

"Meru, Embu, zunguka mpaka Nanyuki. Hakuna kona umekatazwa."

Wakaenda kujaribu nyuma ya kiwanda cha mbao, kwenye lundo la unga wa msumeno lililo refu kuliko nyumba. Bundi akafunga skii kwenye gambuti kwa mipira ya baiskeli. Zile pana zilielea juu ya unga kama bata, lakini zilipogusa ardhi ngumu ziliteleza ovyo kama sabuni bafuni. Zile za mlima wote zilishika ardhi vizuri, ila zilipofika kwenye unga, zilizama na mwenyewe. Wapasua mbao wakazima mashine ili wapate kucheka bila kukatwa vidole.

Hapo ndipo Bundi alipoanza kuumwa na kichwa. Kilima cha Muthamia kina poda juu, lakini karibu na lango ni changarawe na mawe.

"Chagua jozi moja," alisema Ntinyari. "Hii si ndoa ya wake wawili."

"Mama yangu hupanda nini shimo moja?"

"Mahindi na maharagwe."

"Umewahi kumsikia akichagua?"

Akabeba moja ya poda na moja ya mlima wote.

Siku ikafika. Miraa ilichumwa umande ukiwa bado juu yake, na pikapu ikawafikisha juu ya kilima saa tatu asubuhi, Bundi na mjomba wake Marete, ambaye ndiye angesema maneno. Bwana harusi mtarajiwa hajisemei.

"Na mimi nitafikaje?" Marete aliuliza, akishika kitambi.

"Kwa miguu, mjomba. Usikimbie."

Bundi akafunga fungu kifuani kama mtoto mchanga, poda kushoto, mlima wote kulia, akajisukuma.

Mguu wa kushoto ulielea. Wa kulia ulizama. Na mtu ambaye nusu yake inakwenda haraka na nusu inachelewa ana njia moja tu duniani, nayo ni kupinda. Bundi akapinda kulia. Akaliona lango likipita kwa mbali, akalipungia mkono. Akatoboa ua wa miti, akapita katikati ya kuku, akaishia kwenye zizi la ndama, akilikumbatia fungu.

Mzee Muthamia akatoka na fimbo. Karambu, aliyefundisha fizikia shule ya upili, akatoka nyuma yake na kikombe mkononi.

"Ni mnyama gani huyo?"

"Ni Bundi, baba. Ana vumbi tu."

Bundi akajikung'uta vumbi. Msemaji wake alikuwa bado juu ya kilima, kadoa kadogo kanakolaani. Bundi akanyoosha fungu tu. Mzee akalifungua. Tone la umande likamwangukia kidoleni. Akachomoa kijiti, akakileta sikioni, akavunja.

Ta!

Hata ndama akageuka. Mzee akatafuna taratibu, akatazama kuku wanaotoka, akatazama ua wake. Shimo lilikuwa la ukubwa wa trekta.

"Sasa huyu ni mkwe wa aina gani," akafoka, "anaanza kwa kubomoa ua?"

"Baba," Karambu akasema polepole, "umesema mkwe."

Mzee akaacha kutafuna. Akarudisha maneno yake nyuma kichwani, akayakagua, akakuta ni kweli yametoka.

"Basi autengeneze leo," akasema, akiketi na fungu lake. "Na huyo Ndambiri aambiwe asali anywee chai."

Karambu akaingia zizini, akapiga magoti, akaanza kufungua ile mipira ya baiskeli. "Ungevaa poda zote mbili," akamnong'oneza, "ungepita langoni."

"Na yale mawe?"

"Wapasua mbao hawana siri. Nimeshayaondoa. Nilikuwa nayaondoa tangu jana."