Kamba ya Kupimia Hori

Tangu asubuhi mwanamke yule alikuwa hatulii. Chai aliiacha mezani ikapoa. Alitoka kwenda zizini, akarudi ndani, akatoka tena, kamba mkononi.

"Mama watoto," mumewe alimtania, "unachagua hori la kulishia au unachagua mkwe? Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako."

Rahisi kusema. Nyasi kavu zilikuwa zikimwagwa chini; nusu zilikanyagwa zikawa matandiko, na nusu iliyobaki aliila Bi Mkubwa, ng'ombe mzee ambaye mwanamke huyo aliachiwa na marehemu mama yake. Ng'ombe wengine kumi na wawili walichomwa pembe wangali ndama, zisiote. Bi Mkubwa peke yake alibaki na zake, ndefu, pamoja na ubabe wake. Mtamba mwenye mimba ya kwanza akisogea tu, anasukumwa. Mbavu zake zilikuwa zinahesabika, naye angezaa mwezi ujao. Daktari wa mifugo hakumung'unya maneno: asiposhiba sasa, siku ya kuzaa huenda asisimame.

Uani kwa fundi wa kuchomelea kulikuwa na mahori mawili. Moja lilikuwa wazi pande zote. Jingine lilikuwa na vyuma vilivyosimama, kila kichwa na nafasi yake. Alilizunguka la kwanza, akalizunguka la pili, akarudi la kwanza, mpaka fundi akazima mashine.

"Dada, utanitobolea uwanja. Unataka lipi?"

"La vyuma. Ila nafasi ziwe za kipimo hiki." Akampa kamba.

Fundi aliivuta mpaka mikono ikatanuka. "Hii nafasi ya kichwa au mlango wa ghala? Umepima nini?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Mbabe wao, mwenye pembe," alijibu, sauti ikishuka. Alikuwa amempima Bi Mkubwa, kutoka ncha ya pembe hii hadi ncha ya ile. Zizi lina ng'ombe kumi na watatu, naye alimpima mmoja, tena yule anayeshiba! Aibu ilimshika.

"Nafasi pana hivi, mbabe atawasukuma vilevile," fundi alisema, sasa bila mzaha. "Hori hupimwa kwa anayekula mwisho, dada."

Lakini kwa nafasi za kawaida pembe za Bi Mkubwa zisingepita. Kumkata? Daktari alishakataa; kwa uzee ule angevuja damu vibaya. Mwanamke alitoka hadi barabarani, akarudi, akatoka tena. Alimkasirikia fundi, akamkasirikia mtamba kwa unyonge wake, akamkasirikia hata mama yake kwa kufa.

"Weka nafasi za kawaida," alisema hatimaye, na hakuaga.

Hori lilifika siku ya tatu. Mtamba aliingiza kichwa, akatafuna taratibu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwondoa. Bi Mkubwa alikuja kwa kishindo chake cha kila siku, pembe zikagonga vyuma. Akajaribu nafasi ya pili, ya tatu, akalizunguka hori zima, kichwa kisipite popote.

Mwanamke alilia, wala hakujificha. Alikumbatia nyasi tele, akaenda kummwagia Bi Mkubwa upande wa pili wa zizi.

"Huku, mama," aliita, neno likamponyoka.

Bi Mkubwa hakugeuka. Alibaki nyuma ya migongo ya wenzake akingoja apishwe, na hakuna aliyempisha.