Ndimi Nyekundu za Kibagabaga

Muganga wetu alisomea tiba ya Kichina, na mimi nakaa mapokezi ya kliniki yake hapa Kibagabaga. Anakushika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, anafumba macho, kisha anakwambia ulivyolala jana. Mwaka wa pili huu, na bado nywele zinanisimama.

Akimaliza mkono anasema, "Toa ulimi." Hapo ndipo nilipokuwa naona aibu. Watu wanakuja moja kwa moja kutoka viwandani Masoro, ndimi nyeupe kama zimepakwa unga! Uchafu ule aonyeshwe mtu kama yule? Nikanunua miswaki, nikaweka beseni nje, na kila mgonjwa nikamwambia, "Sugua ulimi vizuri, muganga iko ndani." Wakasugua. Nikajiona mfanyakazi bora Kigali nzima.

Siku ya tatu muganga akatoka chumbani, uso umemshuka.

"Mama Keza, hii ni ugonjwa gani? Ule weupe wa ulimi ndio ninasoma, na umeisha kwa watu wote!"

Badala ya kusema ukweli, mjinga mimi, nikajifanya napanga karatasi za mezani.

"Hebu toa wako."

Nikautoa, mweupe, na chai ya asubuhi juu yake. Akautazama sana. Kisha vile vidole vitatu vikatua mkononi mwangu, taratibu, naye akafumba macho.

"Wewe huumwi," akasema. "Unaogopa. Umewafanya nini wagonjwa wangu?"