Antena ya Kumsikia Kaka

Reli haipiti Kibiti. Iko mbali magharibi, nyuma ya mapori ya wanyama, na wengi wetu huku hatujawahi hata kuiona. Kwa hiyo nilipoanza kufunga kwenye pikapu yangu antena ya kunasa mazungumzo ya treni, jirani yangu wa gereji alikuja na kikombe chake cha chai kunitazama.

"Fundi, sasa hiyo ni gari ya polisi au ya bibi harusi?"

"Ya kumpakia mama," nikamjibu.

"Mama yako anataka kukamata wezi?"

Mama yangu anaishi Chumbi, ng'ambo ya mto. Kaka yangu mkubwa ni dereva wa treni. Baba alipofariki hakuja kuzika, na arobaini ikapita bila yeye. Simu hapokei. Hutuma ujumbe mfupi: niko kazini, mtandao mbovu, msalimieni mama. Mama hajui kusoma, mimi ndiye ninayemsomea. Siku moja alinishika mkono nikiwa katikati ya kusoma.

"Maandishi anaandika yeyote aliyeokota simu," alisema. "Kama mwanangu amekufa, niambieni nimsomee hitima. Kama yu hai, nataka sauti yake."

Hakuwa na akili ya kitoto. Kwetu habari ya msiba haimwagwi. Mtu akifia mbali, mama yake huambiwa kwanza kwamba anaumwa, kisha kwamba amezidiwa, mpaka moyo uzoee. Yeye mwenyewe amewahi kuwafichia wenzake misiba hivyo. Akaamini zamu yake imefika, na kwamba mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumdanganya.

Redio nilijifunza peke yangu, kwa vitabu chakavu na kwa kuunguza vifaa vyangu mwenyewe. Nilikuwa na redio ndogo ya kusikilizia tu, isiyo na kitufe cha kusemea. Antena niliifunga kwanza kwenye bampa la mbele, kwa sababu sikutaka kutoboa paa. Nilichopata ni mngurumo wa injini yangu mwenyewe. Nikatoboa. Fimbo ya antena ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni bati la paa lililo chini yake, na ndiyo maana hukaa katikati. Nikakwangua rangi kuzunguka tundu mpaka chuma kikang'aa, kitako cha antena kishike bodi barabara, nikaweka mpira wa kuzuia mvua. Umeme nikauchukua moja kwa moja kwenye betri. Nikaenda peke yangu mara kadhaa upande wa Mloka, nikipanda kila mwinuko, mpaka nikapata mahali ambapo pande zote mbili, stesheni na treni, zinasikika.

Nilipompeleka mama alivaa kanga mpya. Akaketi wima, akaitazama redio.

"Akinisalimu nibonye wapi?"

"Hakusikii, mama. Inapokea tu."

"Hata marahaba siwezi kumwitikia?"

"Huwezi."

Tulisubiri sana. Ikapita treni moja, dereva si yeye. Kisha baada ya adhuhuri sauti ikaja safi, ya kaka, haina mafua wala uchovu. Aliomba njia, yaani ruhusa ya kuendelea. Mwanamke wa stesheni akampa, akamwambia arudie, naye akarudia neno kwa neno, kama kazi yao inavyotaka. Mama alifunga macho, akasema alhamdulillahi. Nilinyoosha mkono nizime. Leo ninajua nilipaswa kuharakisha.

"Shikamoo, mama," kaka alisema redioni.

"Marahaba, baba. Umepotea," mwanamke wa stesheni akaitikia.

"Nipotee wapi, nami juzi nilikuwa kwako nakula wali? Jicho linaendeleaje?"

"Linatoa machozi tu."

"Usilisugue. Dawa nimeshakununulia, ninayo hapa. Na sukari yako. Nikifika usije ukasema huna chai."

"Nani akunyime chai wewe? Wewe ndiye mwanangu huku porini."

Wakacheka wote wawili. Kisha redio ikabaki na mvumo mtupu.

Mama hakulia. Alikunja pembe ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kaka alijulishwa, kwa ujumbe niliouandika mimi. Nikasema kazi ya treni ni ngumu, watu wa stesheni huwa kama ndugu.

"Nimesikia," alisema. "Washa gari."

Njiani nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka: na kaka, na yule mwanamke asiye na kosa, na kazi yangu iliyokuwa safi kiasi kwamba haukupotea hata mkwaruzo wa kicheko chao. Ningeiacha antena kule kwenye bampa, mama angerudi na tumaini lake.

Tulipokuwa tunalivuka daraja kuingia upande wa kwao, alinigusa bega.

"Nikifa, usihangaike kumpigia simu," alisema. "Peleka habari kwa yule mama wa stesheni. Yeye atajua namna ya kumwambia taratibu, asishtuke."