Karatasi Niliyofunikia Daftari

Nilisoma karatasi uongo. Makusudi! Nilitaka watu wacheke, basi. Jina langu sisemi, maana hata huku ng'ambo ya Ruvuma ninakosoma sasa wananijua kwa vichekesho, na hiki si kichekesho.

Kwetu Quionga, upande wa mto uliotawaliwa na Wareno, kabla hatujakimbia vita, kila karatasi ya Kireno ililetwa kwangu. Akina mama hawakukijua, mimi nilikuwa shuleni. Niliringa huyo!

Siku moja mwenye duka akatugawia wanafunzi karatasi, tukawasomee wazazi. Zilihusu chupeta, zile chuchu za mpira mwekundu za kunyamazishia watoto. Sanduku zima lililoshushwa bandarini Mocímboa lilikuwa bovu: mpira unakatika, kipande kinamkaba mtoto. Zirudishwe zote dukani, upesi.

Nikawakuta akina mama uani kwetu wanakuna nazi. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikakohoa kama administrador, yule Mreno mkuu wa wilaya, nikasoma:

"Serikali inatangaza! Mtoto atakayenyonya chupeta hii atasema Kireno kabla hajaota meno!"

Lo, walicheka! Jirani yetu Bi Fatu akamrusha juu Salumu wake. "Nyonya, baba, nyonya sana! Uje umkaripie administrador kwa lugha yake!"

"Na huyu wangu atakuwa mkalimani wako," mama akamjibu, akimtikisa mdogo wangu Somoe.

Nilikusudia kusema kweli kicheko kikiisha. Hakikuisha. Nikasema kesho. Hiyo kesho, ile karatasi nikaifunikia daftari la hesabu.

Siku ya tatu, saa sita mchana, ndiyo kwanza natoka shuleni, askari wa Kireno wakatokea upande wa Pundanhar. Tukakimbilia kwenye mihogo, tukalala kifudifudi. Vita vilikuwa vimetufundisha: mtoto mmoja akilia, wote tumekwisha. Mama akamtia Somoe chupeta mdomoni. Matuta machache mbele yetu, Bi Fatu akafanya vivyo hivyo kwa Salumu.

Mabuti yakapita karibu, hata nikasikia mtu akipenga kamasi. Somoe kimya. Nikamnong'oneza mama, "Huyu kishakuwa askari." Hata hapo nilitaka kuchekesha!

Mama alikuwa amemshika Somoe kichwa chini, anampiga mgongoni kwa kiganja, taratibu, kishindo kisisikike. Kiganjani mwa mtoto ilibaki pete tupu ya chupeta.

Nikajua. Na kupiga kelele siwezi!

Kipande kikatoka na damu. Somoe akavuta pumzi, mama akamfichia uso kwenye titi, mabuti yakapotelea mbali.

Nikafungua mfuko wa shule, nikachana jalada la daftari, nikamsomea mama neno kwa neno. Safari hii sikuongeza kitu.

Wenzangu mnaowasomea wakubwa, someni kama ilivyoandikwa, mkacheke baadaye. Na nyie wazazi, mkiambiwa kitu cha mtoto ni kibovu, kirudisheni siku hiyo hiyo, hata kama bado kinamnyamazisha. Hasa kama kinamnyamazisha! Bi Fatu yuko nasi huku ng'ambo. Nikipita anageuza uso, na mimi sina mdomo wa kumwamkia.

Siku ile mama hakunipiga wala hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama yale matuta mbele yetu, akasema:

"Inuka, kamsomee na Fatu. Wake hajalia tangu tulipoingia humu."