Daktari Niliyemtaka kwa Ngiri ya Kaka Masanja

Katikati ya miaka ya sabini nilipokea kutoka hospitali ya misheni ya Buseresere simu ya maandishi yenye maneno machache: Masanja anaumwa ngiri, njoo umchukue. Masanja alikuwa kaka yangu. Alikuwa akichimba dhahabu kwa sururu huko upande wa Geita. Ngiri hiyo alikaa nayo miaka mingi, akiisukuma ndani kwa kiganja na kuendelea na kazi. Mimi nilikuwa karani wa ushirika wa pamba mjini Shinyanga. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, na kaka ndiye aliyechunga ng'ombe ili mimi nimalize kidato cha nne.

Alfajiri ya Jumatatu nilipanda basi la Mwanza. Mke wa kaka, Mama Kwandu, alinisindikiza kutoka mtaa wa Kambarage hadi stendi, akanipa kuku wa kuchemsha aliyefungwa kwenye kitambaa.

"Shemeji, mrudishe mzima," alisema. "Na mwambie kama dhahabu hakuipata, aje hivyo hivyo. Tumeshazoea."

Jioni tulivuka kwa kivuko kwenda Busisi, na Geita nikalala katika nyumba ya wageni iliyojaa wachimbaji. Suruali zao zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe. Mmoja alitazama viatu vyangu vilivyopigwa rangi, akaniuliza, "Karani, umekuja kununua au kuibiwa?"

Jumanne, saa nne asubuhi, nilishuka Buseresere. Hospitali hiyo ndogo ya misheni ilikuwa nje kidogo ya soko. Nilimkuta kaka kwenye machela, mlangoni pa chumba cha upasuaji, ameshanyolewa kinena tayari. Alikuwa akitapika maji ya kijani.

"Kaka, habari?"

"Mhola duhu," alijibu, yaani salama tu, huku jasho likimtiririka hadi masikioni.

Mganga msaidizi aliyekuwa na zamu aliitwa Bwana Komba, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Aliniambia kwamba tangu alfajiri ngiri ilikuwa imegoma kurudi ndani. "Utumbo umenyongwa. Tukingoja mpaka jioni utaoza. Weka saini hapa, niingie kazini."

Kisha akamgeukia kaka. "Msukuma, babu yangu Mngoni aliwakimbiza mkaacha mikuki njiani. Leo mmeniletea tumbo lenyewe. Nikikosea, nitakuzika bure."

Kaka akacheka huku ameuma meno. "Kata, Mngoni, lakini usiibe nyama."

Wasukuma na Wangoni ni watani, na mtani hutupa maneno ya namna hiyo hata msibani. Nililijua hilo tangu utoto. Lakini nilikuwa na hofu, na hofu ilinifanya niusikie utani kama dharau. Nikauliza daktari yuko wapi.

"Huja Jumatano," alisema Komba. "Ameniachia ruhusa ya maandishi kwa ngiri na kwa uzazi."

"Nijuavyo mimi, mganga msaidizi hupasua chini ya usimamizi wa daktari. Na ada ya upasuaji mnaandika jina la nani?"

"Risiti hukatwa kwa jina lake. Ndio utaratibu tuliopewa."

"Basi mnatoza kazi ya mtu ambaye hayupo."

"Karani, maswali yako ni mazuri, na nitayajibu yote. Lakini kwanza saini."

Nilikataa. Nilisema nitampeleka kaka mahali penye daktari. Kaka alinishika mkono, kiganja chake kigumu kama gome. "Mdogo wangu, mwache akate." Nilimweleza habari ya kanuni. Alinisikiliza, akafumba macho. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Saa sita tulipata lori la pamba. Komba mwenyewe alitundika chupa ya maji ya mshipani kwenye bomba la lori, akasaidia kumpandisha mgonjwa, akanipa barua ya rufaa. Hakututania tena.

Saa kumi na moja tulifika hospitali kubwa ambayo sitaitaja. Mzee mmoja mwenye mvi alikuwa akinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Nikamshukuru Mungu, nikamwita daktari.

"Mimi mganga msaidizi," alisema. "Daktari yuko mkutanoni mjini. Mbona Komba hakuifanya hii? Ngiri ni kazi yake ya kila wiki."

"Hakukuwa na msimamizi."

Alinitazama, maji yakimchuruzika mikononi. "Na hapa umemwona wapi?"

Nilitia saini. Walikata utumbo mweusi uliozidi shubiri mbili, kidonda kikatunga usaha, tukakaa wiki tano. Risiti ilikuwa na jina la daktari, na uso wake sikuuona. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimedai jina, wakati kaka alikuwa akihitaji mkono, na mkono alikuwa ameupata asubuhi ile kule Buseresere. Kanuni haikuwa mbaya. Mimi niliikumbuka yote isipokuwa sababu yake, ambayo ni mgonjwa.

Tulirudi Shinyanga polepole. Kaka hakuweza kuinua hata kifurushi cha nguo, na sururu hakuishika tena mpaka mwisho wa maisha yake. Mama Kwandu alipoliona kovu aliuliza kwa nini lilikuwa refu vile, wakati jirani yao alipasuliwa ngiri akarudi shambani baada ya miezi miwili.

Nilifungua kinywa. Kaka akaniwahi. "Tulichelewa. Lori liliharibika, na barabara ilikuwa mbaya."

 Alirudia maneno hayo kwa kila aliyemuuliza, mpaka alipofariki, na mimi kila mara nilikuwa nimeketi pale pale, nikitikisa kichwa kukubali. Mama Kwandu bado yupo, na wanawe watamsomea haya. Shemeji, barabara siku ile ilikuwa kavu, na lori halikusimama hata mara moja.